Sahani ya Twiga

Bwenini, 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Na Bibi mwambie shikamoo yake ipo humu ndani ya bahasha, asije akasema nimemsahau. Nimefika salama. Naandika kwa mkono kwa sababu simu zetu zote zimefungiwa kabatini ofisini mpaka msimu wa mashindano uanze. Kocha anasema dereva mwenye simu ana macho manne na hakuna hata moja linaloona barabara. Ofisi inapeleka barua posta kila Jumanne, basi usianze kununa kwamba sipigi.

Tuko vijana wanane na kiti cha gari la mbio la timu ni kimoja. Unamkumbuka yule mzee aliyekuwa anasimama kwenye uzio wa uwanja wa vigari vya mashindano ya watoto, saa imening'inia shingoni, ukadhani ni mwizi wa betri? Nimemkuta hapa. Kazi yake ni kuzunguka akitafutia timu watoto wenye kipaji. Ameniambia hakunichagua siku niliyoshinda. Alinichagua siku niliyokwama nikawa wa mwisho, kwa sababu, anasema, watoto wengine wakikwama mikono yao hupiga kelele kwenye usukani, yangu ilitulia. Nikavimba kichwa. Kumbe kila mmoja wetu ana mzee wake aliyemwona na sifa aliyopewa, na wote wanane tumevimba vichwa.

Asubuhi kabla ya chai tunapanda mizani. Ipo mlangoni pa chumba cha kulia, huwezi kuikwepa, na ina mstari mwekundu. Ukiuvuka, siku hiyo huendeshi. Mimi nilicheka, maana ni mwepesi mpaka wananiwekea vipande vya madini ya risasi chini ya kiti ili gari lifikishe uzito wa sheria. Mafundi wameniita Siafu na jina limeshika. Baada ya chai tunavaa helmeti zenye mikanda na kuvuta uzito kwa shingo kama ng'ombe wa plau, kwa sababu kwenye kona kali kichwa kinataka kwenda kwake na ni shingo tu inayokizuia. Halafu kuna kibanda chenye usukani na skrini tatu, unaendesha barabara isiyokuwepo mpaka unatapika kweli.

Sasa hasira yangu. Kocha amenipanga nyuma ya kijana mmoja mrefu tunayemwita Twiga. Kila tukiingia uwanjani, redio masikioni: "Siafu, shika nafasi." Yaani usipite. Kwenye kona ya nne mimi namshinda Twiga, kila mtu anaona, hata mpishi. Nimemwambia Kocha. Akajibu kwamba mdomo wangu uko mbele ya gari langu. Mama, nilitaka kumtupia glavu usoni.

Twiga mwenyewe hana ubaya. Tunakaa meza moja, na kila siku ananisukumia sahani yake. Anasema watu warefu hushiba haraka. Kwa hiyo nakula mbili. Nimeanza kunenepa, juzi fundi alitoa kipande kimoja cha risasi kwenye kiti changu, akasema nikiendelea hivi watanitoa na mimi.

Mwanao,
Siafu


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Bibi naye kaitikia, kisha kauliza: kama wote wanaozunguka wanarudi palepale walipoanzia, haraka ya nini? Hilo nakurushia wewe.

Hiyo habari ya kutaka kumtupia mtu mzima glavu imenichefua. Umekwenda huko kufundishwa au kufundisha? Mimi nimekaa kiti cha abiria miaka yote hii nikifundisha watu udereva, na nikuambie jambo moja: aliyetaka kuniua hajawahi kuwa mjinga, siku zote ni mjuaji. Jana tu mwenye duka la dawa, mtu na heshima zake, kaligonga bango lililoandikwa "Simama". Mimi nilimwambia simama, bango likamwambia simama, yeye akaona yote mawili ni ushauri. Kama si breki ya upande wangu tungeishia dukani kwake kununua bandeji.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lako wewe ndilo mtaji. Redio ikisema shika nafasi, shika nafasi. Siku watakayotaka upite watakuambia upite. Ukirudi hapa umefukuzwa kwa kiburi, mlango huu utaujua upande wa nje.

Najua utaniuliza tena kwa nini siji kukutazama. Sababu unaijua. Ile siku moja niliyokuja uwanja wa vigari, kila ulipokaribia kona mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki ambayo haipo, na aliyekuwa na mguu wake pale chini ni mama wa watu. Alihama kiti akichechemea. Nitabaki nyumbani, nitaomba.

Huyo Twiga amelelewa. Kijana anayemsukumia mwenzake sahani wakati wanagombea kiti kimoja, wazazi wake wapewe hongera. Kula, mwanangu, na useme asante.

Mama yako


Bwenini, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Furahi basi. Nimesikia la mkuu, guu langu ni zima, na kiti nimekikosa.

Jana ilikuwa siku ya kuchaguliwa. Tulibaki mimi na Twiga, wale sita walishafungasha. Wenye timu walikuja wakakaa juu ya paa la gereji na miwani yao ya jua. Redio ikasema, "Siafu, shika nafasi." Nikashika. Nilikaa nyuma yake mbio nzima kama mkokoteni uliofungwa kamba. Yeye alikuwa anachoka, mtu yeyote angempita, mimi nikashika nafasi. Tukamaliza hivyohivyo. Kocha akashuka, akaja mpaka nilipoegesha, na mbele ya wote akaniambia: "Nilikuwa natafuta dereva, nimepata mkia." Akageuka akampa Twiga mkono.

Sasa mimi ni dereva wa akiba. Unajua dereva wa akiba ni nani? Ni mtu anayevaa nguo zote za mbio, akasimama gerejini na helmeti mkononi, akisubiri mwenzake augue. Hiyo ndiyo kazi yangu msimu mzima.

Nimekulia kiti cha nyuma cha gari lako la mafunzo. Nikitoka shule nilikaa pale na daftari mapajani, na maneno niliyoyasikia ni yaleyale: taratibu, tazama kioo, simama, nani kakwambia upite. Hiyo sauti iko kichwani mwangu, Mama, haihitaji redio. Wenzangu mama zao waliwaambia nenda. Wewe uliniambia tii. Haya, nimetii. Tafadhali usiniandikie kwa muda.

Siafu


Nyumbani, 9 Aprili

Ndugu Kocha,

Hatujuani, na sitajifanya nakusalimu kwa furaha. Mimi ni mama wa yule mnayemwita Siafu. Nafundisha udereva wa kawaida, ule wa kwenda sokoni na kurudi.

Nina swali. Mtu akimwamuru mtoto "usipite", mtoto asipite, kisha akamtukana kwa kuwa hakupita, nyinyi huko mnaliitaje jambo hilo? Sisi huku tunaliita uonevu. Mimi nikimwambia mwanafunzi ageuze kushoto na akageuza kushoto, simnyimi leseni kwa sababu moyoni nilikuwa nataka ageuze kulia.

Mkia! Umemwita mtoto wa mwenzio mkia mbele ya matajiri waliokaa juu ya paa. Huo mkia nimeubeba tumboni, nimeuuguza tetekuwanga, nimeufundisha kushika usukani ukiwa umekalia mito miwili ili uone nje. Ulipomtuma mzee wako na saa yake shingoni aje kumkagua kama mnunuzi wa mbuzi, mbona hakusema mnatafuta mtoto asiyesikia? Ningemwonyesha watatu mtaa huuhuu, na wangekwenda bure.

Nimemlea kusikia. Kama kusikia ni kosa kwenu, mngeandika kwenye ile karatasi ndefu mliyonitaka nitie sahihi. Nataka jibu lako kwa maandishi, na neno mkia lifutwe mbele ya walewale waliolisikia.

Mama yake Siafu


Ofisi ya Kocha, 16 Aprili

Mama Siafu,

Barua za wazazi nimezizoea na nyingi huishia kwenye pipa. Yako naijibu kwa sababu imenikasirisha, na kwa sababu umedanganywa.

Nilitoa agizo, ni kweli. Na nikaliondoa. Mizunguko mitatu ya mwisho nilimwambia, "Siafu, uko huru, pita." Akajibu, "Nimesikia." Sauti yake tunayo. Ndivyo ninavyowapima wote: namfunga kijana kamba, halafu naikata, namwangalia atagundua lini. Wa kwako aligundua na hakwenda.

Mashine zetu zinaandika kila mguu unapokanyaga na unaponyanyuka. Zinaonyesha kitu kimoja. Kila alipofika kona ya nne, kona ambayo sijawahi kufundisha kijana anayeipita kama yeye, alinyanyua mguu kwenye pedali ya mafuta. Kila mzunguko, palepale. Nilimuuliza kwa nini. Akavua glavu akaondoka. Neno la mkia nililisema kwa uchungu, maana huyo ndiye niliyetaka apite. Mzee wangu alimtafuta miezi, mimi nikampigania kwa wenye timu waliosema ni mdogo, ni mwepesi, ni msichana. Halafu akanyanyua mguu mbele yao.

Mwenye hofu simweki kwenye gari la kasi ile. Atajiua au ataua. Ukiliita uonevu, liite. Muulize mwenyewe, mimi nimechoka kumuuliza.

Kocha


Nyumbani, 22 Aprili

Mwanangu,

Ulisema nisikuandikie. Nimevumilia mpaka nimeona navimba. Nimeandikiana na Kocha wako, na kabla hujaanza kupiga kelele, soma mpaka mwisho.

Anasema alikuruhusu upite, na wewe ukajibu umesikia. Kwa hiyo umeniongopea. Umenibebesha kosa la kukukosesha kiti, nimelala nalo na kuamka nalo, nimewafokea wanafunzi wasio na hatia, mwenye duka la dawa kaacha kuja kabisa. Bibi yako hanisemeshi. Anasema nimekuua moyo kwa kelele zangu. Nimekubali kuambiwa hivyo ndani ya nyumba yangu, kumbe ni uongo.

Hilo nitakusamehe nikipata nafasi. Kuna jingine. Kocha anasema unaiogopa kona ya nne. Waoga mimi nawajua, ndio wanaonilisha. Mwoga hunyanyua mguu kwenye kona, kwenye tuta, hata akimwona kuku ng'ambo ya barabara. Hachagui mahali. Anayenyanyua mahali pamoja tu, tena pale anapopaweza, kuna kitu amekiona pale.

Uliona nini? Na usinijibu kwa kiburi.

Mama yako


Bwenini, 29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekosa kukuongopea. Ilikuwa rahisi kukukasirikia wewe kwa sababu uko mbali na najua huwezi kuniacha.

Niliona kichwa cha Twiga. Kona ya nne ni ndefu, inakata kushoto, na kichwa kinavutwa kwenda kulia. Kila tulipoingia, helmeti yake ililala kwenye ukingo wa gari na haikuinuka mpaka kona imekwisha. Shingo haikuwa na nguvu tena. Alikuwa anaendesha asikokuona, na gari lake lilikuwa linatambaa kwenda ukutani. Mimi napita pale kwa nje, hakuna pengine pa kumpita. Ningejipenyeza, angenijia, na mmoja wetu angekwenda ukutani. Nikanyanyua. Kocha aliposema niko huru nilisema nimesikia, nikaenda nikanyanyua tena.

Twiga hali, Mama. Mifupa yake peke yake inakaribia ule mstari mwekundu. Zile sahani nilizokuwa nafurahia zote zilikuwa njaa yake. Hanywi maji tangu jioni mpaka apande mizani. Anakimbia uwanjani amejifunga mifuko ya nailoni ndani ya nguo ili atoe jasho. Siku moja nilimkuta kwenye korido ya bafu amekaa sakafuni anatema mate kwenye kopo, kwa sababu hata mate yana uzito. Alinishika mkono akaniapisha nisiseme. Baba yake ameshawatangazia ndugu na majirani kwamba mwanawe ndiye atakayekuwa kwenye gari la timu. Nikaapa. Na siku iliyofuata aliponisukumia sahani niliila, kwa sababu ningeikataa watu wangeuliza.

Sasa fikiria nilipo. Mimi ndiye akiba. Nikisema Twiga anaumwa, nani anakaa kwenye kiti? Watasema Siafu kamng'ata mwenzake. Yeye mwenyewe atasema. Kwa hiyo kila siku navaa nguo za mbio, nasimama gerejini na helmeti yangu, na naogopa kujua ninachokiomba. Mbio za kwanza ni tarehe 31 Mei.

Usimwambie mtu, hata Bibi. Nakuomba kwa maziwa niliyonyonya.

Siafu


Nyumbani, 5 Mei

Ndugu Kocha,

Mtoto wangu ameniomba kwa maziwa aliyonyonya nisikuandikie. Nakuandikia.

Jibu ulilokuwa unalitaka ni hili: kijana wako ana njaa. Unampima kila siku na hujamwona. Hali, hanywi, anatema mate kwenye kopo. Kwenye kona ya nne shingo yake ililala na akawa anaelekea ukutani, na binti yangu alinyanyua mguu ili mtoto wa mwenzie asife. Wewe ukamwita mkia, kisha ukamwita mwoga. Mashine zenu zinaandika mguu ukinyanyuka. Shingo ikilala, nani anaandika?

Na hiyo mizani. Mimi si mtaalamu wa magari ya mbio, lakini nani aliyekufundisha kuweka mizani mlangoni pa chumba cha kulia? Mtoto anapita kwenye hukumu kwenda kwenye sahani, ataila vipi? Nimeiandika habari hiyo nikaacha kalamu, nikatoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyo kijana ana mama mahali fulani, na mama huyo anadhani mwanawe anakula. Mpe maji kabla hujampa gari.

Na ili usije ukasema tunatafuta kiti: Siafu hatakikalia. Nakikataa kwa niaba yake. Mpe mwingine yeyote.

Mama yake Siafu


Ofisi ya Kocha, 11 Mei

Mama Siafu,

Nimewaita wote wawili ofisini. Kijana amesema wewe ni mzushi. Binti yako nimemuuliza mara mbili, amesema hajui unazungumzia nini.

Kwenye mizani yuko chini ya mstari, kama inavyotakiwa. Gari zito ni gari la nyuma, na hilo sikulitunga mimi. Hata sisi enzi zetu tulikuwa tunashinda na kikombe cha chai, na tuko hai. Mwili wa dereva una adabu yake.

Sina cha kumshikia. Ataendesha tarehe 31. Ikija barua nyingine ya namna hii nitairudisha bila kuifungua.

Kocha


Bwenini, 15 Mei

Mama,

Shikamoo yako nitaiweka mwisho, nikitulia.

Nilikuomba kwa maziwa. Kocha alipotuita, barua yako ilikuwa mezani, na mwandiko wako naujua hata ukiwa kichwa chini. Twiga aliitazama ile karatasi, halafu akanitazama mimi. Akamwambia Kocha wewe ni mzushi. Nikakana. Nilikukana wewe, Mama, mbele ya watu, kwa sababu nilishindwa kumkana yeye.

Baada ya hapo hakuniongelesha. Lakini alibaki meza yangu, maana angehama wangejua. Juzi mchana tulikaa hivyo. Kocha hali na sisi, siku hiyo aliingia kumtafuta mpishi. Twiga akasukuma sahani yake kwa mazoea, hata hakunitazama. Na mkono wangu ukaipokea. Sikuuambia upokee. Umekuwa ukipokea tangu Machi, ukapokea. Kocha akasimama katikati ya chumba. Sahani ilikuwa katikati yetu, mkono wa Twiga upande mmoja na wangu upande mwingine.

Akauliza, "Tangu lini?"

Akairudisha sahani mbele ya Twiga akamwambia ale. Twiga akachukua kijiko, akakipeleka mdomoni, na mkono ulikuwa unatetemeka mpaka kijiko kikawa kinagonga meno. Chumba kizima kilisikia. Kocha alivuta kiti akakaa, akamshika ule mkono na kijiko chake, akaushikilia tu. Daktari aliyeitwa amesema moyo wake unapiga vibaya, na kwamba tarehe 31 asingemaliza mbio. Mjomba wake alikuja jana kumchukua. Hakuniaga. Ameniachia kikaratasi juu ya helmeti: "Ulikula chakula changu, sasa umekula na kiti changu."

Kisome mara mbili, kama nilivyokisoma mimi.

Sasa tuje kwako. Umemwandikia Kocha kwamba kile kiti sitakikalia. Nani alikutuma? Maisha yako yote umekaa kwenye gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yako, na ukiona vibaya unakanyaga yako. Gari langu lina breki moja, Mama. Kusema habari ya njaa ulikuwa na haki, nakubali, mimi ndiye niliyekosa ujasiri. Lakini kiti si chako hata ukikatae. Nimekitaka tangu miguu yangu haifiki kwenye pedali. Siku ile ya kuchaguliwa, kila niliponyanyua mguu nilikitaka mpaka nikauma ulimi. Sitakiacha ili wewe uonekane mkweli kwenye barua.

Kocha alikuja gerejini kuniuliza. Kwanza alilifuta lile neno lake la mkia mbele ya mafundi wote, na lilimtoka kwa shida. Wale wa juu ya paa ameniahidi watalisikia siku ya mbio. Nikamwambia nitaendesha, lakini mizani iondoke mlangoni. Akasema mizani ni sheria. Nikamwambia sheria inapima gari na dereva siku ya mashindano, hakuna mahali iliposema tupimwe kabla ya chai. Mshipa ukamsimama kwenye paji la uso. Nikadhani nimefukuzwa. Halafu akaenda mwenyewe, bila kumwita mtu, akaikumbatia ile mizani akaiburuta mpaka gerejini. Imeacha mkwaruzo mrefu sakafuni, na kila tukienda kula tunaukanyaga.

Nina hasira na Kocha, na wewe, na Twiga, na hiyo hasira nyingine ni juu ya yule mjinga aliyekuwa anakula sahani mbili akicheka. Nitaendesha nayo hivyohivyo.

Shikamoo.

Siafu


Nyumbani, 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba, japo imechelewa.

Kwa habari ya maziwa sikuombi radhi. Ningeandika tena, na kwa herufi kubwa. Kwa habari ya kiti, umenishika. Nilikikataa kana kwamba nimekikalia mimi. Naomba radhi, na unajua sipendi kuomba radhi, basi usiikunjuekunjue.

Umenikana mbele ya watu. Iliniuma, nilitaka kukuandikia siku ileile Kocha aliponiambia, nikamwachia Bibi kalamu aifiche. Haijaacha kuuma. Lakini ningekuwa pale na yule mtoto ananitazama, sijui ningesema nini.

Kikaratasi cha Twiga usikichane, na usikijibu kwa ukali. Yale ni maneno ya mtu mwenye njaa. Mwache ale kwanza. Akishiba huenda akaandika mengine, na asipoandika, basi atakuchukia akiwa hai, na mama yake atakuwa na mwana wa kumbembeleza.

Bibi amelijibu mwenyewe lile swali lake. Anasema wanazunguka na kurudi palepale ili wahesabiwe, ionekane nani hajarudi. Sasa hataki kuambiwa tena mambo ya mbio, anasema ameshayaelewa vya kutosha.

Mwenye duka la dawa karudi. Leo tumefika kwenye lile bango na mimi nikaamua kunyamaza, mguu nimeuweka kando. Tulikaribia, tukakaribia, nikamwona jasho linamtoka. Akasimama mwenyewe.

Tarehe 31 nakuja. Nimeuliza, wamesema kwenye kona ya nne kuna benchi la watazamaji. Nitakaa hapo. Mguu wa kulia nitaukalia.

Mama yako